Deni la muuguzi wa vita vya Burma

ISAAC Fadoyebo, Mnigeria aliyefariki dunia Novemba 2012, alijiunga na jeshi la mkoloni akiwa na umri wa miaka 16, akapangiwa kuuguza majeruhi.

Machi 1944 Wajapani walikishambulia kikosi chake huko Burma, ambayo leo ni Myanmar, naye akavunjika mguu kwa risasi. Mkulima wa jamii ya Warohingya alimficha na kumlisha kwa takriban miezi tisa.

Mwaka 2011 mwandishi wa habari Barnaby Phillips aliifikishia familia hiyo barua yake ya shukrani. Miaka sita baadaye Warohingya zaidi ya 700,000 walifurushwa, wakakimbilia Bangladesh.

Kumkumbuka Fadoyebo na kuwasahau waliomwokoa ni kulipa nusu ya deni.