UCHAMBUZI: Shahada ya ng'ambo pekee haitaokoa uanahabari wa India

KILA mwaka, wanahabari vijana wa India huziacha kazi zao na kuelekea Uingereza, Marekani na mataifa mengine kusomea shahada za uzamili. Nia inayotajwa mara kwa mara ni moja: kupata ujuzi wa kuandika habari zinazoitumikia jamii, hasa maskini, wanawake na wakazi wa vijijini ambao sauti zao hazisikiki, kisha warejee nyumbani kuutumia.

Nia hiyo ni njema, na wapo waliorejea wakaitimiza. Hata hivyo, rekodi ya miongo minne iliyopita inaonyesha kuwa shahada huzaa matunda pale tu mhitimu anapopata chumba cha habari kinachomruhusu kuitumia, au anapokijenga mwenyewe. Asipokipata, elimu yake hubaki kuwa pambo la ukutani.

Miongoni mwa milango inayotumiwa na wanahabari hao ni ufadhili wa Chevening, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka wa 1983 na ambao Wakenya pia huuomba. Ufadhili huo hulipia masomo ya mwaka mmoja na humtaka anayefaidika kurejea kwao kwa muda usiopungua miaka miwili. Sharti hilo lina busara, kwani linatambua kuwa elimu ya mtu mmoja ni deni kwa wengi. Lakini sharti la kurudi halimhakikishii mtu kwamba kuna kazi inayomngoja, wala kwamba mwajiri atataka ujuzi aliorudi nao.

Kile chuo cha ng'ambo kinachotoa si siri. Mwanafunzi hujifunza kuzisoma hesabu za makampuni, kuchambua takwimu, kuchimbua stakabadhi za serikali na kupima maadili ya kila uamuzi wa kihariri. Muhimu zaidi, hupata muda. Ripota anayetakiwa kuwasilisha habari tatu kwa siku hana nafasi ya kujiuliza ni nani asiyeonekana katika habari hizo. Mwaka mmoja mbali na makelele ya chumba cha habari humpa nafasi hiyo.

Mfano wa zamani unaojulikana sana ni wa N. Ram, aliyesomea uanahabari katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, katika miaka ya sitini. Kati ya 1987 na 1989, yeye na mwenzake Chitra Subramaniam walifichua katika gazeti la The Hindu stakabadhi kuhusu malipo ya siri yaliyohusishwa na ununuzi wa mizinga kutoka kampuni ya Bofors ya Uswidi. Kashfa hiyo iliitikisa serikali ya Rajiv Gandhi, ambayo ilishindwa katika uchaguzi wa 1989.

Ikumbukwe kuwa Ram hakurejea mikono mitupu. Familia yake ilikuwa miongoni mwa wamiliki wa gazeti hilo. Na hata yeye alionja shubiri. Mnamo Oktoba 1989, mhariri wa The Hindu alisimamisha kuchapishwa kwa sehemu iliyokuwa ikifuata ya ufichuzi huo, naye Ram akapinga uamuzi huo hadharani. Iwapo mtoto wa nyumbani aliweza kufungiwa mlango, ripota wa kawaida mwenye shahada mpya atatarajia nini?

Mfano wa pili ni wa Vinod Jose, ambaye pia alisoma Columbia. Aliporejea, aliliongoza jarida la The Caravan, lililofufuliwa mwaka wa 2010, akiwa mhariri mtendaji kwa zaidi ya mwongo mmoja. Jarida hilo lilijijengea sifa kwa makala marefu yaliyochunguza siasa, biashara na mahakama. Huu ndio mfano bora wa elimu iliyokuta mahali pa kufanyia kazi. Hata hivyo, Januari 2021, baada ya maandamano ya wakulima jijini Delhi, polisi wa majimbo kadhaa walianzisha kesi za uchochezi dhidi ya wanahabari kadhaa, wakiwemo wakuu wa jarida hilo. Ilibidi Mahakama ya Juu iingilie kati kuzuia wasikamatwe.

Mfano wa tatu unagusa jambo nyeti zaidi. Yashica Dutt alifanya kazi katika gazeti mojawapo kubwa jijini Delhi huku akificha kwamba yeye ni Mdalit, yaani mtu wa jamii zinazowekwa chini kabisa katika mfumo wa matabaka ya kuzaliwa. Baadaye alisomea uanahabari Columbia. Ni akiwa New York, baada ya kifo cha mwanafunzi Mdalit Rohith Vemula mnamo Januari 2016, ambapo alitangaza hadharani asili yake. Kitabu chake kuhusu maisha hayo ya kujificha kilitoka mwaka wa 2019.

Kisa cha Dutt kinafunza kuwa umbali unaweza kumpa mtu ujasiri ambao ofisi yake ilimnyima. Lakini pia kinaishtaki ofisi hiyo. Kwa nini mwanahabari alazimike kuvuka bahari ndipo aseme yeye ni nani?

Jibu linapatikana katika utafiti uliofanywa mwaka wa 2006 na wasomi wa Delhi, ambao walichunguza watu 315 wenye mamlaka ya kuamua katika vyombo 37 vya habari vya Kihindi na Kiingereza. Asilimia 71 walikuwa wanaume Wahindu wa matabaka ya juu, ambao ni takriban asilimia 8 tu ya wananchi. Hakupatikana hata Mdalit mmoja, wala mtu wa makabila asilia yajulikanayo kama Adivasi.

Hapo ndipo ufadhili wa ng'ambo unapokumbana na kikwazo chake kikubwa. Masomo hayo hutolewa kwa Kiingereza, na fomu hujazwa kwa Kiingereza. Sensa ya India ya mwaka wa 2011 ilionyesha kuwa ni takriban mtu mmoja kati ya 10 tu anayekizungumza, na kwamba karibu asilimia 69 ya wananchi waliishi vijijini. Magazeti kama Dainik Jagran na Dainik Bhaskar, yanayosomwa na mamilioni, huandikwa kwa Kihindi. Ripota wa wilayani anayeandika kwa Kihindi, Kitamil au Kimarathi ndiye aliye karibu zaidi na taabu za wananchi, na ndiye aliye mbali zaidi na chuo cha London.

Waama, baadhi ya kazi zilizoisaidia jamii zaidi zilifanywa na watu ambao shule yao ilikuwa hapo hapo nyumbani. P. Sainath alisomea historia katika Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, Delhi. Alizunguka katika wilaya maskini kabisa za nchi na kuandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1996, kisha akafuatilia kwa miaka mingi vifo vya wakulima waliojiua kwa mzigo wa madeni na dhiki. Takwimu rasmi zilionyesha kuwa zaidi ya wakulima 250,000 walijiua kuanzia 1995 hadi 2011. Alitunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka wa 2007.

Kadhalika, gazeti la Khabar Lahariya lilianzishwa mwaka wa 2002 huko Chitrakoot, jimbo la Uttar Pradesh, likiendeshwa na wanawake wa vijijini, wengi wao Wadalit. Baadhi yao walikuwa na elimu ndogo ya darasani. Waliandika kuhusu barabara mbovu, visima vilivyokauka na wanawake waliodhulumiwa, kwa lugha ya wasomaji wao. Mnamo 2009, kazi hiyo ilituzwa na UNESCO.

Kikwazo kingine ni umiliki. Wakati wa uchaguzi wa jimbo la Maharashtra mwaka wa 2009, Sainath alifichua kuwa makala ya kumsifu kiongozi wa serikali ya jimbo yalichapishwa neno kwa neno katika magazeti yanayoshindana, yakidaiwa kuwa habari. Kamati ndogo ya Baraza la Habari la India ilichunguza biashara hiyo ya habari za kulipiwa, lakini ripoti yake kamili haikutolewa kwa umma hadi 2011. Na mwishoni mwa 2022, kampuni za bwanyenye Gautam Adani zilipotwaa kituo cha NDTV, mtangazaji mashuhuri wa Kihindi Ravish Kumar alijiuzulu. Mnamo 2025, shirika la Reporters Without Borders liliiorodhesha India nambari 151 kati ya mataifa 180 kwa uhuru wa vyombo vya habari.

Hakuna somo la maadili, liwe la London au New York, linaloweza kumkinga ripota dhidi ya mwenye gazeti aliyekwisha kuuza ukurasa wa kwanza.

Je, vijana hao wasiende? La hasha. Kinachohitajika ni njia ya kuigawa elimu hiyo wanaporudi. Chuo cha Asian College of Journalism, ambacho tangu mwaka wa 2000 kiko Chennai na ambacho Ram ni miongoni mwa walezi wake, kimelifanya somo la kuripoti kuhusu ufukara kuwa la lazima kwa wanafunzi wake. Kwa namna hiyo, yaliyopatikana na mmoja ng'ambo huwafikia mamia ambao hawatapanda ndege kamwe.

Jambo hili si geni kwa Afrika. Kwa miaka mingi, taasisi ya mawasiliano ya umma ya IIMC, iliyoanzishwa Delhi mwaka wa 1965, imewafunza wanahabari kutoka mataifa yanayoendelea, wakiwemo Waafrika, namna ya kuripoti maendeleo. Nao hukabiliwa na swali lile lile wanaporejea makwao.

Wahenga walisema kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wafadhili wanaomlipia kijana karo na nauli wangefaa kuitazama pia ngama yenyewe: atarudi katika chumba gani cha habari, ataandika kwa lugha ya nani, na nani atasimama naye siku atakapoandika ukweli usiompendeza mwenye nguvu?