Barua kwa walimu na wazazi wa Chamwino: watoto waandikiwe hadithi zenye hesabu

Ndugu zangu walimu, wazazi na wazee wa Chamwino,

Ninawaandikia kutoka Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, mimi mtoto wenu wa Buigiri. Sitawachosha na habari za baridi. Nina ombi moja: watoto wetu waandikiwe vitabu vya hadithi vinavyoeleza mali inavyopatikana, inavyotunzwa na inavyopotea, na hadithi hizo zitoke kwenye mtama, zabibu, visima na mashamba ya hapo hapo nyumbani.

Huku vitabu vya namna hiyo vimejaa maktabani na madukani. Upo mfululizo wa Tuttle Twins ulioanzishwa mwaka 2014 na Connor Boyack wa Utah: mapacha wawili wanakutana na habari za fedha, soko na sheria. Mwandishi ana msimamo wake wala haufichi, kwamba soko liachwe huru na serikali isiingilie sana. Na jambo hili si geni. Kati ya 1832 na 1834 Mwingereza Harriet Martineau alitoa hadithi fupi mfululizo za kueleza kanuni za uchumi, na zikasomwa sana. Wenzetu wengi wa ughaibuni hujaza maboksi ya vitabu vya Kiingereza na kuyatuma nyumbani, kwa nia njema kabisa. Lakini mtoto wa Handali anayesoma jinsi watoto wa Kimarekani wanavyouza maji ya limau mbele ya nyumba yao hajaambiwa lolote kuhusu gunia la mtama lililo kwao.

Gunia hilo ndilo somo lenyewe. Mtama ukishavunwa, mwezi wa tano na wa sita, kila nyumba inauza kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila nyumba ina deni, sare za shule au msiba wa kuchangia. Bei inashuka. Mvua zikija na palizi ikianza, mama yule yule aliyeuza kwa gunia ananunua kwa kilo, kwa bei ya juu. Kati ya mauzo yale na manunuzi haya ndipo inapoamuliwa kama mtoto ataingia darasani ameshiba. Hesabu ya darasa la nne inatosha kabisa kulieleza jambo hili. Lakini watoto wetu wanafundishwa kujumlisha machungwa ya Juma na Asha, na mtama wa nyumbani hauguswi.

Hapa nawaomba tuwe waangalifu. Vitabu vingi vya kufundisha wajibu humwambia mtoto kwamba mwenye bidii hufanikiwa na maskini ni mvivu. Wazee wetu walisimuliwa Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920. Kabla yake jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza, lilichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya vita, halafu mvua ikakosekana. Watu wale walikuwa wakulima na wafugaji hodari. Kitabu kitakachomwambia mtoto wa Kigogo kwamba njaa ni malipo ya uvivu kitakuwa kimemsingizia babu yake.

Kwa hiyo hadithi isimulie pande zote mbili. Asimuliwe baba aliyenywea fedha ya mbegu, na asimuliwe pia dalali anayedai lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, wakati sheria ya vipimo hairuhusu gunia kupita kilo 100. Awepo dada aliyechukua mkopo wa kausha damu bila kuuliza riba, na awepo aliyemkopesha huku akijua hataweza kulipa. Zabibu nazo ni hadithi tayari. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, zikikatwa hazingoji, na mnunuzi analijua hilo, basi anakaa kimya mpaka mkulima ateremshe bei. Mwenye uwezo wa kuzikamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu ana nafasi ya kusubiri. Mtoto akielewa kwa nini mmoja anaweza kusubiri na mwingine hawezi, ameelewa sehemu kubwa ya uchumi.

Hadithi za zamani zinafaa sana. Ile ya wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame mnaijua: sungura akakataa kuchimba, kisha akawa anakuja kuiba maji, akiwalaghai walinzi mpaka kobe akamnasa. Sisi tulicheka na kumpenda sungura kwa ujanja wake. Ningependa mwalimu akishaisimulia aulize: kisima cha kijiji chetu kilichimbwa na nani? Dizeli ya pampu inanunuliwa na fedha ya nani? Daftari la makusanyo linashikwa na nani, na lini lilisomwa mbele ya watu? Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba la shule na kuamua mapato yatumikeje. Wengi wetu tulishika jembe tu. Daftari la mapato hatukuliona. Shule yenye shamba leo inaweza kulibandika daftari hilo ukutani, na watoto wakaliandikia hadithi.

Halafu kuna ardhi, ambayo ndiyo inayonikosesha usingizi. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na Ikulu mpya ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023, wageni wanaotafuta viwanja wameongezeka. Kuuza shamba si dhambi. Ila shamba likiuzwa na fedha ikaishia kwenye pikipiki na sherehe, mjukuu atakuwa kibarua pale pale babu yake alipolima. Naomba kiandikwe kitabu cha kurasa chache, chenye picha, cha msichana anayekaa pembeni akisikiliza kikao cha ukoo kuhusu kuuza shamba. Aulize maswali ambayo wakubwa hawakuuliza. Mama ameridhia? Halmashauri ya kijiji imeshirikishwa? Kwa nini hatukuomba hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatupa haki ya kuipata? Tukila fedha hii, mwaka ujao tutalima wapi?

Vitabu hivi vinawezekana. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulionyesha njia: ulinunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, na mchapishaji akapata ujasiri wa kuchapa hadithi za Kiswahili. Wachapishaji tunao, kama Mkuki na Nyota na E&D Vision, na wachoraji wapo. Kinachokosekana ni hadithi zilizotoka Mvumi, Haneti na Mpwayungu, zilizoandikwa na watu wanaojua debe la karanga linauzwaje.

Nawaomba wenzangu tulio nje tupunguze maboksi, na nauli ya mizigo ile iende kwenye uchapaji. Nanyi walimu, waiteni wazee na akina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, darasani, wasimulie, watoto waandike. Anzeni na mtama wa msimu huu. Andikeni bei ya debe moja mwezi wa sita, kisha bei ya debe hilo hilo mwezi wa pili, na majina ya watoto watakaoandika hadithi ya kilichotokea katikati. Nitumieni, mimi nitatafuta fedha ya kuchapa kitabu cha kwanza.

Mwana wenu,
Columbus, Ohio