Ndege wanavuka mipaka, wakaaji wa Goma hawatoki: nani atahesabu ndege wa Kivu?

Hapa Goma neno "ndege" liko na maana mbili. Ile ya chuma iliacha kutua: uwanja wa ndege ulifungwa mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati AFC/M23 ilichukua muji. Ile ya manyoya inaendelea kufika, na haiombi ruhusa kwa mtu.

Mwezi wa kumi, ukisimama asubuhi kando ya ziwa Kivu, utaona mbayuwayu wakipita chini-chini juu ya maji. Wengi wao wametoka Ulaya, juu kule baridi inaanza na wadudu wanapotea. Ndege huyo hapitishi gramu 20 na kidogo, lakini kuko wenye wanaendelea mpaka Afrika Kusini, safari ya kilometa karibu 10.000. Kwetu ni njia yao ya kupita, na wengine wanabaki miezi mingi.

Jumamosi tarehe 11 mwezi wa kumi 2025 ilikuwa siku ya dunia ya ndege wanaohama. Mada ya mwaka ule iliongelea miji: namna gani watu na ndege wanaweza kukaa pamoja. Siku kama hiyo, katika inchi nyingi, watu wanatoka kwa kikundi, wanatembea pole-pole, wanaangalia, wanaandika hesabu. Huko Nairobi wamezoea: shirika la Nature Kenya linafanya matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, desturi ya tangu miaka ya 1970. Uganda nayo imefanya ndege kuwa kazi: kuko viongozi wa watalii wenye wanaishi na kusomesha watoto kwa kuonyesha ndege tu.

Kwa nini hapa kwetu hapana?

Si juu ndege wanakosa. Parki ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilitimiza miaka 100 mwaka 2025. Ndani ya kilometa za mraba karibu 7.800, kumehesabiwa aina zaidi ya 700 za ndege. Ulaya nzima haipiti hesabu hiyo kwa mbali. Ukienda upande wa kusini, Kahuzi-Biega na Itombwe ziko na ndege wenye hawapatikane popote pengine ila katika milima hii yetu ya Albertine.

Sababu ya kwanza ni usalama, na haikuanza jana. Mwezi wa tano 2018, watalii wawili Waingereza walitekwa nyara katika parki na mulinzi mwanamke aliyekuwa nao akauawa; utalii ukasimama mpaka mwezi wa pili 2019. Mwaka 2020 ikaja Covid, na tarehe 24 mwezi wa ine walinzi 12 wa parki waliuawa karibu na Rumangabo. Kiisha M23 ikarudi, ikachukua Bunagana mwezi wa sita 2022, vita ikashuka mpaka Sake, mpaka Goma. Hata Lac Vert, kule magaribi ya muji, kuligeuka kambi ya wakimbizi, na tarehe 3 mwezi wa tano 2024 mabomu yalianguka juu ya hema za watu.

Sababu ya pili watu wanaisahau: darubini. Mahali kwenye kuko watu wa silaha, mutu mwenye anaangalia mbali na jumele, anaandika ndani ya kitabu, hawezi kueleza kirahisi kama anahesabu ndege. Kijana wa Goma anajua hiyo. Anaiacha nyumbani, ama haiuzi kabisa.

Sababu ya tatu ni mfuko. Banki zilifungwa mwezi wa kwanza 2025, feza ikakuwa ngumu. Nani atalipa mashua ya kwenda kisiwani juu ya kuangalia ndege?

Unaweza kuuliza: watu wanalala na njaa, na wewe unaongelea ndege? Ulizo hilo ni la haki. Tunalijibu hivi.

Kwanza, kuhesabu kunaomba kutembea. Angalia ngambo ya mupaka. Musambi, yule korongo mwenye taji ya zahabu kichwani, iko kwenye orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kumalizika. Rwanda walifanya hesabu mwaka 2017 wakakuta hawafike 500. Leo wamepita 1.000. Walijua wanapungua, wakatafuta sababu, wakatoa wale waliofungiwa ndani ya nyumba za watu, wakahesabu tena. Upande wetu, mutu hawezi kuzunguka mabonde ya Rutshuru na Masisi na kitabu mukononi mwaka kwa mwaka. Chenye hakihesabiwe, siku kinaisha hakuna mwenye anajua.

Pili, ni mambo ya makala. Wakati utalii umekufa, pori linabaki na faida moja tu kwa mutu mwenye hana kitu: kukatwa miti na kuchomwa makala. Hatulaumu mama mwenye anapika. Lakini muti wenye kiongozi wa watalii angeonyesha mara mia, muchoma makala anauuza mara moja.

Tatu, ujuzi. Sehemu kubwa ya ndege waliokusanywa Kongo kwa ajili ya elimu iko katika majumba ya makumbusho ya Tervuren na New York. Kuko bundi mumoja, aliyeshikwa Itombwe mwaka 1951, mwenye anajulikana zaidi kwa mwili wake uliokauka kule Ubelgiji kuliko kwa sauti yake porini. Mutoto wa Uvira ama Mwenga hana namna ya kumuona.

Basi tungoje amani ndipo tuangalie juu? Hapana. Kuko kazi ndogo yenye haina hatari. Chagua mahali pamoja penye unafika kila siku: kiwanja cha masomo, kiwanja cha kanisa, pwani kwenye unachota maji. Usiingie porini, juu kuko mabomu yenye hayajalipuka. Hauhitaji jumele: mwewe anajulikana kwa mukia wake, na yule mweusi-mweupe mwenye anasimama hewani kiisha anajitupa ndani ya ziwa anajulikana na kila muvuvi wa sambaza. Andika tarehe, andika ngapi, andika jina lake kwa luga ya kwenu. Mwalimu mumoja na wanafunzi wake, wakifanya hivyo miaka tatu, watakuwa na kitu chenye hakipatikane Tervuren.

Mwezi wa tatu ao wa ine, wale mbayuwayu watapita tena, wakirudi kwao. Watavuka mistari yote ya vita bila kusimama kwenye kizuizi hata kimoja. Siku kikundi cha watu wa Goma kitaweza kuwafuata kwa miguu mpaka Rutshuru, asubuhi, bila kuuliza mutu kama njia iko wazi, hatutahitaji kungoja tangazo la mukutano wowote. Tutajua wenyewe kama vita imeisha.