Mkuki kwa Mtoto wa Jirani

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sisi warithi wao tumeunoa upande mmoja tu, ule unaomwelekea mtoto wa jirani. Nasema sisi, maana nimechoka kusikia lawama zote zikitupiwa polisi na mahakimu. Polisi ni watoto wetu, mahakimu ni mashemeji zetu. Na hiyo hongo tunayoilalamikia hutoka mfukoni mwa nani?

Kijana akikwapua simu sokoni, unatosha ukelele mmoja wa "mwizi!" na watu waliokuwa wakichagua nyanya wanageuka mahakimu. Mawe yanaokotwa, tairi linatafutwa, na hakuna anayeuliza shahidi ni nani. Hata akina baba wenye sijda usoni na akina mama wa kwaya wamo. Lakini kijana huyohuyo akiwa wa kwako, ukasikia usiku kwamba yuko ndani, swali lako la kwanza ni moja: nani ana mtu pale kituoni? Simu zinapigwa, penye udhia inapenyezwa rupia, na kabla ya adhana ya alfajiri mwana yuko nyumbani anakunywa chai. Wenzake watatu waliokamatwa naye, ambao mama zao wanauza vitumbua, Jumatatu wanapandishwa karandinga. Upelelezi haujakamilika, kesi inapigwa kalenda, mwezi huu na mwezi ujao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Kwamba hii ni dhuluma sina haja ya kuwathibitishia watu wenye dini. Waislamu wanaijua habari ya yule mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum aliyeiba, jamaa zake wakamtuma Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume, akamwombee. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikasirika. Alisimama akawaonya watu kwamba waliowatangulia waliangamia kwa kumwacha mkubwa na kumwadhibu mnyonge, akaapa kwamba hata Fatima binti yake asingesalimika. Nao Wakristo wanamjua nabii Nathani aliyemsimulia mfalme Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee. Daudi akapandwa na ghadhabu, akamhukumu tajiri yule kifo, ndipo akaambiwa kwamba tajiri ni yeye mwenyewe. Tena Usama aliomba kwa mdomo mtupu. Sisi tunakwenda na bahasha.

Tukija kwenye sheria zenyewe za Tanzania, unyang'anyi wa kutumia silaha, na panga ni silaha, adhabu yake haipungui miaka 30 jela, na dhamana hakuna. Mla hongo, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ilipotungwa mwaka 2007, aliwekewa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote pamoja. Simtetei mwenye panga, maana panga linaua. Lakini mwizi wa kalamu anayekula fedha za dawa za zahanati naye anaua, na harusini tunampa kiti cha mbele.

Mwaka 2015 Mahakama ya Kisutu iliwafunga mawaziri wa zamani wawili, Basil Mramba na Daniel Yona, kwa matumizi mabaya ya madaraka. Mwaka uliofuata walitoka gerezani wakamalizia adhabu kwa kufanya usafi katika hospitali ya Sinza Palestina. Sikuwaonea kijicho. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu hivyo kwa kifungo kisichozidi miaka 3, na wazee wale walipata walichostahili kupata. Kinachonichoma ni wezi wa kuku na mihogo ambao hawajapata kuisikia sheria hiyo hata kwa jina, wakamaliza vifungo vyao vyote ndani. Dau la mnyonge haliendi joshi.

Na hapa siwezi kulinyamazia jambo la lugha. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nasi tukapiga makofi. Mbona basi hukumu nyingi za ngazi za juu bado zinaandikwa kwa Kiingereza? Mahakama za Mwanzo zimeamua kesi kwa Kiswahili miaka yote na hakuna haki iliyopotea kwa sababu hiyo. Mama muuza vitumbua anakabidhiwa nakala ya hukumu ya mwanawe, anaigeuzageuza, anatafuta wa kumsomea, na huku siku 10 za kutoa kusudio la rufaa zinayoyoma. Waheshimiwa majaji, ninyi ni wasomi wa kutegemewa na taifa, na Kiswahili mnakiongea vizuri kuliko wengi wetu. Andikeni basi!

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais ripoti yake. Vyombo vya dola vimependekezewa mageuzi. Hizi simu zetu za usiku nani atatupendekezea tuziache?

Sisi ni watu wa kuchangiana. Kamati ya harusi inakusanya mamilioni kwa majuma machache, na msiba haujawahi kutushinda. Mtaa wa watu kama sisi hauwezi kushindwa kumchangia wakili kijana asiye na mtu. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwanao akikamatwa, nenda kituoni mchana, mlango wa mbele, umwombee dhamana. Dhamana haina malipo. Chukua barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho chako, na ukishaandikishwa uwaulize askari wa zamu: na wale watatu, nani amekuja kuwadhamini?