Kompyuta au PlayStation? Jibu kwa mama mwenye wana wawili



Ndugu wasomaji, juma hili nimeweka kando maudhui niliyokuwa nimeyaandaa ili nimjibu mama mmoja, ambaye jina lake na mtaa wake nimevihifadhi. Ana wana wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine wa miaka 12. Baba yao yuko Doha kikazi, naye ameahidi kuwanunulia chombo kimoja cha michezo, kwa kuwa fedha hazitoshi viwili. Mkubwa ataka kompyuta. Mdogo ataka PlayStation. Mjadala umegeuka ugomvi, na hadi alipoandika, vijana hao walikuwa wamepitisha siku tisa hawasemezani, ilhali walala chumba kimoja. Baba kila akipiga simu husema, "Amua wewe."

Mama huyo aniambia: "Sheikh, mimi sijui hata tofauti ya vitu hivi. Nikikataa vyote viwili, huyu mkubwa atarudi kule kibandani, ambako hulipa kwa kila mchezo na kurejea nyumbani Isha imeshapita zamani. Nikikubali, sijui nitakuwa nimeleta nini nyumbani mwangu."

Wapo watakaosema kwamba suala hili ni upuuzi usiostahili wino. Mimi sikubaliani nao. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwachia Bi Aisha kuwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao msikitini, wala hakumnyang'anya wanasesere wake. Mchezo una nafasi yake katika malezi. Linalotuhusu ni aina ya mchezo, kiasi chake, na mahali pake.

Tuanze na tofauti, kwani mama ameiuliza. Mnamo 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, vijana waliokuwa wakishughulika na kompyuta kubwa ya utafiti waliitungia mchezo wa vyombo vya angani, wakauita Spacewar!. Kompyuta ile haikuletwa pale kwa ajili ya mchezo. Ilikuwa ya kazi, na mchezo ukaingia humo kama mgeni. Miaka kumi baadaye, 1972, ikauzwa Magnavox Odyssey, mashine iliyotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Hii iliundwa tangu mwanzo iunganishwe na televisheni ya nyumbani, watu wakae mbele yake wacheze. Hiyo ndiyo konsoli ya kwanza, na PlayStation iliyotoka Japani mwaka 1994 ni mjukuu wake.

Basi kompyuta ni chombo cha kazi kinachoweza kuchezewa, na konsoli ni chombo cha mchezo kilichokusudiwa ukumbi wa nyumba. Mama, ishike tofauti hiyo, kwani tutairudia.

Sasa tuwasikilize wana kwa insafu. Mkubwa ana hoja. Kompyuta humfaa mtu kwa kuandika, kuhesabu na kusoma, si kucheza tu. Michezo yake mara nyingi hupatikana kwa bei nafuu, kwani maduka ya intaneti kama Steam, lililoanza 2003, hupunguza bei mara kwa mara katika mwaka. Kucheza na wenzako kupitia intaneti aghalabu hakutozwi ada ya ziada. Sehemu zake zaweza kubadilishwa moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu. Na kubwa zaidi, kwenye kompyuta kijana aweza kujifunza kuutunga mchezo mwenyewe. Ipo programu ya Scratch, ya bure, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, na ipo Roblox Studio, ambayo hutumika kwenye kompyuta wala si kwenye konsoli.

Mdogo naye hakukosa hoja. Konsoli hununuliwa imekamilika; hakuna kuulizana kama mchezo fulani utaweza kufanya kazi humo. Tena hudumu: PlayStation 4 ilitoka 2013 na PlayStation 5 ikatoka 2020, na hata baada ya hapo michezo ya ile ya zamani iliendelea kutolewa. Ikiwa ina tundu la diski, kijana aweza kuazima diski, kubadilishana na jirani, au kuiuza akiichoka. Mchezo uliopakuliwa kutoka intaneti hauna ruhusa hiyo.

Kila upande una gharama ambayo wauzaji hawaanzi nayo. Kompyuta ya kuchezea michezo mikubwa yahitaji kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora picha, nayo peke yake yaweza kugharimu sawa na konsoli nzima. Konsoli nayo hutoza ada ili kucheza na watu wa mbali katika michezo mingi ya kununua, na huiteka televisheni, bibi asipate kutazama taarifa yake ya habari. Zote mbili hula bando la intaneti, kwani mchezo mmoja waweza kuwa na makumi ya gigabaiti, na hata wenye diski huhitaji masasisho. Na stima ikikatika, zote hunyamaza, isipokuwa kompyuta ya kupakata yenye betri.

Hapa yanilazimu nikiri jambo langu. Miaka kadhaa iliyopita, mwanangu wa kati aliniomba kompyuta ya masomo. Nikamnunulia, nikaiweka chumbani mwake, nikajiona baba mwenye kuona mbali. Usiku nikipita na kuona mwanga chini ya mlango, nilimwambia mama yake, "Mwache, mtoto asoma." Muhula ulipokwisha, matokeo yalinieleza alichokuwa akikisoma. Alikuwa akicheza hadi karibu na Alfajiri, kisha huinuka kwa sala akiwa mzito kama gunia. Nilipomghadhibikia, aliniambia kwa adabu, "Baba, hukuwahi hata siku moja kuingia ukaniuliza ni nini hiki."

Sikuwa na jibu. Neno "masomo" ndilo lililonihadaa, nami nililipenda kwa sababu liliniondolea kazi ya kutazama. Hatukuivunja kompyuta ile. Tuliihamishia ukumbini, meza ikaelekea mlango wa jikoni, na mambo yakaanza kutengemaa. Ndiyo maana naogopa, dada yangu, chombo cha mchezo kinachoingia nyumbani kwa jina la kitabu.

Kabla ya kutoa rai yangu, yapo mambo matatu yanayohusu vyombo vyote viwili.

La kwanza ni umri. Michezo mingi hubeba alama inayoonyesha umri unaofaa. Alama ya Ulaya, iitwayo PEGI, imekuwapo tangu 2003, nayo ni nambari 3, 7, 12, 16 au 18. Itafute kwenye jalada. Mchezo wenye alama ya 18 hauwi halali kwa mtoto wa miaka 12 kwa sababu tu kaka yake ndiye aliyeuazima.

La pili ni fedha zilizofichwa. Baadhi ya michezo, ikiwamo ya mpira wa miguu inayopendwa sana na vijana wetu, huuza makasha ya bahati: mtu alipa bila kujua atapata nini ndani, huenda mchezaji nyota, huenda takataka. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba makasha ya namna hii yaingia katika sheria yake ya kamari. Sisi hatukuhitaji kungoja Ubelgiji; makatazo ya kamari yamo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90. Kwa hiyo usiweke nambari ya kadi ya benki katika chombo hicho, wala usimpe mtoto nywila ya malipo ya simu.

La tatu ni muda. PlayStation, Xbox na kompyuta zenye Windows, zote zina mipangilio ya mzazi, ambapo waweza kuweka saa za kucheza na kufunga matumizi ya fedha. Wala usimwite mgonjwa kila mtoto anayependa kucheza. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha ugonjwa wa michezo hii katika mwongozo wake ulioanza kutumika Januari 2022, lakini limeeleza dalili zake: mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na kuendelea ingawa aona madhara, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12.

Sasa rai yangu. Nyumba yako, dada yangu, ina mzazi mmoja anayeona kwa macho na mwingine anayesikia kwa simu. Ina vijana wawili na chombo kimoja. Kompyuta huketisha mtu mmoja mbele yake. Ni kweli yaweza kuunganishwa na televisheni, lakini mara nyingi sivyo inavyotumika. Itaishia chumbani, na mwenye umri mkubwa ndiye atakayeimiliki, na zile siku tisa zitakuwa miezi tisa. Konsoli yenye vishikio viwili vya kuchezea hukalisha ndugu wawili bega kwa bega, mbele ya macho yako, na hakuna atakayekwambia kuwa asoma. Kwa nyumba yako hii, basi, nachagua konsoli, yenye tundu la diski, nayo ikae ukumbini isitoke. Iwe mali ya wote wawili. Izimwe Maghribi inapokaribia, na siku ya kwenda chuoni isiwashwe kabla ya chuo.

Mkubwa ataona amedhulumiwa. Usimpuuze, kwani hoja yake ya kujifunza ni ya kweli. Mwambie hivi: Scratch haihitaji kadi ya grafiki ya bei ghali. Kompyuta ya kawaida, hata iliyotumika, yatosha. Aanze kwa kompyuta ya shule au ya jamaa. Akikuonyesha mchezo mmoja mdogo alioutunga kwa mikono yake, baba yake atakuwa na sababu ya kuweka akiba ya kompyuta ya kupakata, na hapo itakuwa ya masomo kweli.

Na kwa baba aliyeko Doha: ndugu yangu, najua jasho lako. Lakini "amua wewe" haitoshi. Ukisema hivyo, kila kijana atakayekosa atamkasirikia mama yake peke yake. Piga simu moja wote wakiwa wamekaa pamoja, utamke uamuzi na masharti yake kwa sauti yako, ijulikane kuwa ni neno la wazazi wawili.

La mwisho ni lako, mama. Siku chombo hicho kitakapofika, usikimbilie jikoni. Kaa nao, ushike kishikio, ufungwe mabao kumi, wakucheke. Ukishajua chombo chafanya nini, hutahitaji tena kuniandikia mimi. Na sharti la kuliwasha mara ya kwanza liwe moja tu: wana wapeane mikono kwanza.

Wallahu aalam. Wassalaam alaykum warahmatullah.