Mtetemo wa Injini Usifichwe, Uulizwe

Mpwa wangu aliponiletea mashua yake, ambayo urefu wake haukuzidi dhiraa tatu na ambayo huongozwa kwa redio kutoka ufukweni, alikuwa amekwisha kukata shauri: injini inatetemeka, basi bolti zikazwe, na zikiisha kukazwa itiwe mipira chini yake hata itulie. Bolti zikakazwa, mipira ikatiwa, na siku ya tatu waya wa betri ukakatika kando ya kipokezi cha redio, mashua ikaacha kutii, ikaenda kugonga ngazi za gati. Sikumlaumu, kwa kuwa taksiri yake ndiyo ile ile niionayo kwa mafundi watu wazima wenye injini kubwa, na hao ndio walionitia haja ya kuandika.

Injini ya namna ile, ya silinda moja na mapigo mawili, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 26, haina budi kutetemeka kidogo, maana pistoni hupanda na kushuka kwa nguvu, na uzito uliotiwa kwenye krenki ili kuisawazisha hauondoi ila sehemu tu ya nguvu hiyo. Huo ni mtetemo wa maumbile, na kwa huo mipira ina kazi yake halali. Lakini upo mtetemo wa maradhi, nao aghalabu hutoka katika kitu kinachozunguka pasipo mizani, ambacho nguvu yake huongezeka kwa mraba wa kasi. Gramu moja tu iliyozidi kwenye ubawa wa rafadha, sentimita 2.5 kutoka katikati, rafadha ikizunguka mara 15,000 kwa dakika, huvuta kwa nguvu ipatayo uzito wa kilo 6, na huvuta huku na huku mara 250 katika kila sekunde. Ni mpira gani utakaostahimili hayo?

“Mjomba, hata kabureta imeharibika,” aliniambia, kwa sababu injini ilikuwa ikipata moto kupita kiasi. Kumbe petroli ndani ya tangi ilikuwa ikitikiswa hata ikawa povu, na injini ikinywa hewa badala ya mafuta. Nilimtaka avue rafadha, kisha aiwashe injini kwa mwendo wa chini, kwani injini isiyo na mzigo ikiachiliwa hujiua kwa kasi. Mtetemo ukapungua mno, na hapo tukajua kwamba injini haina hatia. Tukatazama shafti, ambayo ni kamba ya chuma iliyosokotwa: grisi yake ilikuwa imekauka, na nafasi ya milimita chache inayopasa kuachwa mbele ya rafadha haikuwapo, ingawa kamba hiyo hujikunyata ikipata mzigo. Hayo tuliyatengeneza, kila moja kwa wakati wake, tukijaribu baada ya kila moja, maana mwenye kubadili mambo matatu kwa mara moja hatajua ni lipi lililoponya.

Wako watakaosema kwamba hiki ni kitu cha kuchezea. Nikola Tesla alipoonyesha mashua yake ya betri mjini New York mwaka 1898, akaiongoza majini bila ya waya, alikuwa akionyesha elimu nzima ndani ya chombo kidogo, na mimi naona shule zetu za ufundi za pwani zingefaidika sana kuwa na vyombo vya jinsi hiyo. Mvuvi ambaye rafadha yake imegonga mwamba wakati wa maji kupwa, shafti ikapinda kidogo, hutengenezewa injini ya juu mara mbili na mara tatu, hali shafti iliyopinda inazidi kula mpira wa kuzuia maji, hata oili ya gia ikawa nyeupe kama maziwa. Na gharama hiyo yote hutoka katika riziki ya watoto wake.

Rafadha ya mpwa wangu tuliitia kwenye msumari mwembamba uliolazwa sawasawa, na ubawa mmoja ukashuka chini kila tulipouzungusha. Mwenziwe ulikuwa umemeguka ncha. Alikaa na tupa alasiri nzima, akipunguza mgongo wa ule mzito, akipima, akipunguza tena, mpaka karibu na magharibi rafadha ikaanza kusimama popote alipoiacha. Mipira hatukuiondoa. Kipokezi tulikifunga ndani ya sifongo.