Wachora Katuni Wetu Wasiachwe Peke Yao

Wapo vijana wa Unguja na Pemba ambao usiku, wenzao wakiwa barazani, wao huketi mbele ya kompyuta wakijifunza kuzitia uhai picha za katuni. Hawana darasa wala mwalimu. Walichonacho ni masomo ya intaneti na programu iitwayo Blender, ambayo tangu mwaka 2002 hutolewa bure kwa kila mtu, na masharti yake yanaruhusu itumike hata kwa biashara. Wanatumaini kuwa ujuzi huu utakuja kuwa kazi ya kuwalisha. Je, tumaini hilo lina msingi?

Mfano mzuri tunaupata Latvia, nchi ndogo ya Ulaya yenye watu wasiofikia milioni mbili. Nasi Wazanzibari, kwa sensa ya mwaka 2022, tu watu 1,889,773. Huko Latvia, Gints Zilbalodis alijifundisha mwenyewe kazi hii, akatengeneza peke yake, kwa muda wa miaka mitatu na nusu, filamu iitwayo Away, iliyotoka mwaka 2019. Filamu yake iliyofuata, Flow, ilitengenezwa kwa Blender, na mwezi Machi 2025 ikatunukiwa tuzo ya Oscar huko Marekani.

Habari hiyo imewatia moyo vijana wengi, na ni haki yao. Lakini isisomwe nusu. Flow haikuwa kazi ya mtu mmoja. Ilifanywa na kundi la mafundi, kwa ushirikiano wa Latvia, Ufaransa na Ubelgiji, na fedha za umma za Latvia zilitiwa ndani yake. Kujisomesha kulimfikisha kijana yule mlangoni. Mlango wenyewe ulifunguliwa na taifa lake pamoja na washirika wake.

Viongozi wetu yafaa wauelewe uzito wa kazi hii. Filamu kwa kawaida huhitaji picha 24 kwa kila sekunde, hivyo katuni ya dakika 5 ni picha 7,200. Ikiwa kompyuta itachukua dakika 2 kuikamilisha kila picha, itafanya kazi mchana na usiku kwa siku 10 mfululizo. Kijana mwenye kompyuta moja dhaifu, na umeme unaomkatikia kazini, hawezi kumaliza kazi ya mteja kwa wakati hata awe hodari vipi.

Tena kuna suala la mwalimu. Sote tuliopita chuoni twajua kwamba anayejisomea peke yake hasikii kosa la ulimi wake; husikilizwa na mwalimu, akarudishwa herufi kwa herufi. Mchora katuni naye ni hivyo hivyo. Anahitaji jicho la mwingine limwambie kwamba mwendo wa mtu wake hauna uzito, au kwamba kisa chake hakieleweki. Kwa hiyo tunashauri vyumba vya kompyuta vya skuli na vyuo vyetu vifunguliwe jioni, ili vijana hawa wakutane, wakosoane na wafundishane.

Lakini ujuzi bila ya soko hauzai kazi. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Visiwa hivi vilitangulia Afrika kusini ya Sahara kwa televisheni ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Haitakuwa heshima kwetu ikiwa watoto wetu watalelewa kwa katuni za wageni hali mafundi wapo mitaani. Dar es Salaam, taasisi ya Ubongo, iliyoanzishwa mwaka 2013, imethibitisha kuwa hesabu na sayansi hufundishika kwa katuni za Kiswahili. Basi Wizara inayotaka kuwahadharisha wananchi na kipindupindu, au kuwafunza watoto usalama barabarani, na iagize katuni kwa vijana wetu. Shirika la Utangazaji Zanzibar nalo liwatengee nafasi. Na kazi hizo ziwe na mkataba wa maandishi na malipo kwa wakati. Kumwambia fundi afanye bure ili ajulikane ni kumdhulumu. Sifa hazinunui unga.

Vijana nao wana wajibu wao. Katuni ya sekunde 30 iliyokamilika inamtambulisha fundi kuliko filamu ya saa nzima iliyoachwa njiani. Wasiache masomo wala shughuli zinazowapa riziki kwa kuitegemea tuzo ya mbali. Waungane katika ushirika, wachangie kompyuta na umeme, mmoja achore, mwingine atunge kisa, mwingine atie sauti.

Vijana wameshaanza kwa nguvu zao wenyewe, bila ya kuigharimu Serikali hata senti moja. Hatua inayofuata haiwezekani bila ya Serikali, na wakati wa kuichukua ni sasa.